Jedwali la Tatu

Ofisi yangu iko juu ya duka la misumari na rangi,
Malindi, barabara ya kwendea Lamu.
Feni hupepea karatasi kutwa kucha;
nimezibana kwa kokoto na kikombe kisicho na mkono.
Watu hupanda ngazi wakidhani natetea wezi.
Nawaambia: mimi sisimami kortini.
Kazi yangu ni kuandika talaka siku ya posa.

Walikuja wawili, chanda na pete,
na kampuni ya miezi kumi na minane na deni la jenereta.
Kadzo ndiye mwenye maabara.
Twalib ndiye mwenye maneno.
Wametengeneza kijiti cha karatasi, upana wa ukucha:
tone moja kutoka kisigino cha mtoto mchanga
na kabla uji haujapoa
mama anajua kama ni selimundu.

Nikawauliza maswali ya mchawi.
Mkigombana, nani abaki na jina?
Twalib akifa, mrithi wake apige kura?
Kadzo akichoka mwaka wa pili, aondoke na nini?
Wakatazamana, wakacheka.
Swali la tatu hakucheka mtu.

Fedha zilikuwa zatoka mbali, kwa watu
wanaofukia shilingi katika mashimo kumi
wakijua tisa yatameza.
Siwalaumu; apandaye penye mawe humwaga mbegu nyingi.
Ila kurasa zao tisini na nne
ziliandikwa na mtu ambaye hajawahi kukatikiwa umeme.
Kampuni ikivunjika, wao walipwe kwanza, mara mbili.
Mara mbili nikaifanya mara moja: siku tisa.
"Daima" nikaigeuza "miaka minne": usiku mmoja,
na mbu, na Bwana Kessler kwenye skrini
akila saladi ya mchana wa kwao.

Kisha Jedwali la Tatu, Mali ya Kampuni.
Mashine ya kuzungushia damu, moja.
Friza, nyuzi themanini chini ya sifuri, moja.
Sampuli za damu, mia tatu na kumi na mbili.
Viti vya plastiki, sita.

Niliinuka nikazima feni,
kana kwamba kelele yake ndiyo iliyoandika.

Nilikuwepo Marafa siku Kadzo alipochukua zile za mwisho.
Mama mmoja, Dama Charo,
alishika kalamu kama anayeshika nge,
akauliza: damu hii mtaifanyia nini?
Kadzo akajibu: tutaipima tu.
Tu.
Neno dogo kuliko yote tuliyosema siku ile,
na halimo katika zile kurasa tisini na nne.

Nikaufuta mstari.
Kessler akauliza, si mali? Nikasema, ni amana.
Akataka maelezo; nikampa nusu ukurasa.
Akarudisha sentensi moja: wateja wangu watasita.
Saa saba usiku Twalib akapiga simu, koo limemkauka:
Wakili, mishahara. Wakili, jenereta.
Mstari mmoja tu!
Tu, tena.
Kadzo hakupiga. Alituma picha ya friza,
taa yake ya kijani, bila neno.
Sikujua ananiunga mkono au ananiaga.

Wakasita kweli. Wiki tatu.
Mmoja akajitoa, na theluthi ya fedha ikamfuata.
Waliobaki walitia saini Ijumaa, baada ya swala,
jedwali likiwa na mashine, friza na viti,
na nyuma yake kiambatisho cha aya moja
nilichokiandika kwa Kiswahili, mara ya kwanza katika kazi hii:
*Damu hii si ya mwenye friza. Mama akiidai, arudishiwe
au iteketezwe mbele yake, kama atakavyo.*
Kessler alikitia saini bila kukisoma,
au baada ya kusomewa. Sikuuliza.

Ankara yangu ingali inangoja.
Twalib huja dukani chini kununua rangi;
maabara inapanuliwa, nasikia.
Naijua sauti yake akipatana bei.
Nasikiliza ngazi.

Hapandi.